Jani la Chai, Mizani na Amana Iliyo Juu ya Misikiti Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni misikiti michache nchini mwetu ambamo darsa humalizika bila ya kikombe cha chai. Tunakinywa, tunamshukuru Mola wetu, kisha tunaondoka. Ni nadra kwetu kuuliza jani lile limechumwa na nani, na aliyelichuma amelipwa nini. Tumeona ni wajibu kuuliza, kwa kuwa wengi wa wachumaji wa milima ya Usambara, kuanzia Lushoto na Bumbuli hadi Korogwe na Amani, ni ndugu zetu tunaoelekea nao kibla kimoja.

Mkulima mdogo huchuma majani mawili na chipukizi lake, akarudia shamba lile lile kila baada ya wiki moja au mbili. Zinahitajika kilo nne na zaidi za majani mabichi ili ipatikane kilo moja ya chai kavu. Na jani likishachumwa haliwekeki; lisipofika kiwandani siku hiyo hiyo, thamani yake hupotea. Mwenye mahindi akipewa bei mbaya anaweza kuyarudisha ghalani. Mwenye majani ya chai hana ghala. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo, na hapo ndipo dhulma hupata mlango wa kuingilia.

Kiwanda cha Mponde, huko Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro, na mwaka 2016 Serikali ikakirejesha mikononi mwake. Hatuandiki haya ili tumhukumu yeyote. Tunaandika ili tukumbushane kwamba lango la kiwanda likifungwa, majani shambani hayasubiri hukumu. Mchai usiochumwa hurefuka ukawa mti wa porini, na baba mwenye watoto wa kusomesha hubaki akiutazama.

Jambo la kwanza tunalolitaka ni uadilifu wa mizani. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofungua kwa onyo kali dhidi ya wapunjaji, na kaumu ya Nabii Shuaybu (a.s.) ilionywa juu ya jambo hili hili. Je, tunafundisha kwamba onyo hilo linafika mpaka kwenye kituo cha kukusanyia majani? Karani anayekata kilo kwa kisingizio cha unyevu kuliko unyevu uliopo, kisha akawahi safu ya mbele Ijumaa, ajue kuwa haki ya mja haifutwi kwa swala za sunna. Wala hatumpendelei mkulima kwa umaskini wake. Anayelowesha majani ili yazidi uzito, au anayeficha majani magumu chini ya kapu, naye ni mpunjaji. Uislamu umetuamrisha kusimamia haki, awe mtu tajiri au maskini.

Jambo la pili ni mikopo. Mkulima akikosa fedha za mbolea huenda kwa mkopeshaji wa riba, na deni likamfuata msimu hata msimu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa matunda ya mwaka mmoja hata miwili. Hakuyafuta mauzo hayo. Aliyawekea masharti ya kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hayo ndiyo mauzo ya salam. Bei yote hulipwa siku ya mkataba, wala hayafungwi kwenye mavuno ya shamba moja maalumu. Waislamu wenye mitaji wanaweza kuufufua mlango huu wa halali chini ya usimamizi wa wanachuoni, ilimradi bei isiteremshwe kwa kutumia njaa ya mkulima.

Na pale deni lilipokwisha kumlemea mja, tukumbuke kuwa wenye madeni wamo katika makundi manane ya wanaostahiki zaka yaliyotajwa katika Surat At-Tawba. Kamati zetu za zaka za mijini zinapogawa, zimewahi kuulizia habari za milimani?

Jambo la tatu ni ardhi yenyewe. Shamba la chai lililotunzwa huufunika mteremko, na mvua haipati udongo wa kuchukua. Matawi yaliyopogolewa yakiachwa chini huoza yakarudi kuwa rutuba, nayo yakibebwa yote kuwa kuni ardhi hufilisika. Viwanda navyo hukausha chai kwa kuni, hivyo asiyepanda miti leo anaiandalia kesho misitu ya asili kukatwa. Haya hayawahusu wa milimani peke yao. Mto Zigi hutoka katika milima hiyo ya Amani, ukaingia bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanayotumika Tanga mjini. Muumini wa Tanga anapotia udhu, yumo ndani ya jambo hili. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu apandacho, kikaliwa na mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Kwa hiyo tunapendekeza kila msikiti wa milimani wenye ardhi ya wakfu utenge sehemu iwe kitalu cha miche ya chai na miti, na nao wa mjini uchangie kitalu hicho. Tumezoea kuwaandikia wafadhili maombi ya mazulia na vipaza sauti. Zulia huchakaa baada ya miaka michache, ilhali mchai uliotunzwa hutoa majani miongo kadhaa. Hatusemi nyumba za Mwenyezi Mungu zisipambwe. Tunasema anayesujudu juu ya zulia asisahauliwe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki chumo za wakulima wetu, atuepushe na dhulma na riba, na atujaalie tuwe wenye kusema na kutenda.

Wabillahi tawfiq.