Tangi la Bahari Likifa, Usikimbilie Mwambani

Leo naweka kando mwani na jongoo bahari, kwa sababu kuna jambo naulizwa sana na wenye nyumba za wageni, migahawa na maduka ya huku kwetu pwani. Ni lile tangi la kioo la maji ya bahari, lenye mawe na samaki wa rangi, linalowekwa mapokezi ili mteja akiingia apendezwe. Wachache wanauliza waanzeje. Wengi walishaanza, samaki wakafa wote ndani ya wiki mbili tatu, na sasa wanauliza wapate wapi samaki wengine.

Swali hilo la pili ndilo lenye kasoro. Tangi lililokufa halifufuliwi kwa samaki wapya, linafufuliwa kwa maji. Na mtu anayetuma vijana mwambani kila samaki wake wanapokufa anafuga hasara, tena hasara yenyewe hailipi peke yake.

Sisi watu wa pwani tunaponzwa na ukaribu wa bahari. Mtu wa Dodoma akitaka samaki hawa lazima aagize, alipie usafiri, aombe Mungu wafike wazima. Kwa hiyo anawatunza. Kwetu sisi inatosha ndoo, kijana mmoja na maji kupwa. Samaki anapatikana kwa bei ya soda, basi na kifo chake tunakihesabu kwa bei ya soda. Namfahamu mfanyabiashara mmoja, mtu makini dukani kwake, asiyekubali hata kilo moja ya sukari ipotee bila kujua imekwenda wapi. Kwa mwaka mmoja alijaza tangi lake mara tano. Lita mia na ishirini za maji, samaki wanane kila mara. Hao ni samaki arobaini. Angepoteza kuku arobaini angeita kikao cha familia.

Na arobaini hao walikuwa na kazi huko walikotoka. Vijana huwakamata wenye rangi na wanaopatikana kwa urahisi: kangaja, vitatange, na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe wanaojificha ndani ya anemoni. Kangaja kazi yake ni kukwangua mwani mdogo unaoota juu ya mawe, na pale alipokwangua ndipo tumbawe changa linapopata pa kushika. Ukiwatoa wengi sehemu moja, mwani unafunika mwamba. Yule wa anemoni naye anaishi kwa ukoo mdogo: jike mkubwa mmoja, dume wake, na wadogo wanaosubiri zamu. Jike akiondoka, dume hugeuka kuwa jike na mdogo mmoja hupanda kuwa dume, lakini hilo halitokei kwa siku moja. Kijana akimchagua yule mkubwa kwa sababu ndiye anayependeza, amemwondoa mtagaji wa nyumba nzima.

Miamba yetu haina ziada ya kuchezea. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2016 joto likarudi tena. Ongeza miaka ya baruti, ongeza nanga na miguu ya watu. Changu na chewa anaowategemea mvuvi wa mshipi wanaishi na kukulia humo humo. Kwa hiyo tangi linalokufa mara tano mapokezini, sehemu ya bili yake inakwenda kwa mtu ambaye hajawahi hata kuliona.

Sasa tuzungumze kilichowaua. Mfugaji wa kuku anakijua tayari, ila hajakihusisha na samaki. Ukiingia asubuhi kwenye banda lililofungwa, randa zimelowa, macho yanawasha. Ile ni amonia. Samaki naye hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kinachobaki kikaoza kinaongeza nyingine. Baharini inapotelea kwenye maji mengi. Ndani ya lita mia moja inabaki naye chumba kimoja. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi na sisi tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawanunuliwi kwa ndoo, wanalelewa. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutosha.

Wengi mnajaza maji asubuhi na samaki jioni. Maji yanang'aa kama kioo, kila mtu anasifu, na siku ya kumi samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Hapo hakuna jicho la husuda wala maradhi. Wamekosewa hesabu ya siku.

Kwa hiyo unayetaka kujenga upya, anza kwa kukubali kwamba utakaa na tangi lisilo na samaki kwa mwezi au zaidi. Najua inauma, mteja anauliza, watoto wanauliza. Andika karatasi ubandike kwamba tangi linaandaliwa. Usitupe mawe yako kama bado yalikuwa majini na hayanuki: yaweke kwenye pipa la maji ya bahari, pampu ya hewa ikiwaka, maana bakteria wako wamo humo. Yaliyonuka au kukauka yasugue, yaoshe, uyahesabu kama mawe mapya. Mchanga wa zamani unaotoa harufu ya yai viza uutoe kabisa na usiuvuruge ukiwa ndani ya tangi, kwa sababu gesi ile nayo ni sumu.

Kuhusu mawe nina neno kwa ndugu zangu. Huhitaji kuvunja mwamba hai, na usivunje. Huku pwani tuna mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa kujengea nyumba. Yana matundu mengi, na matundu ndiyo makazi ya bakteria. Chagua yasiyowahi kuguswa na chokaa wala saruji, yasugue kwa brashi, yaloweke siku kadhaa ukimwaga maji, halafu yapange kwa uwazi ili maji yapite katikati. Yatakuwa meupe na mabaya kwa wiki kadhaa. Vumilia, rangi itakuja yenyewe.

Maji yachote wakati wa maji kujaa, ikiwezekana siku za bamvua, mbali na bandari, na mbali na midomo ya mito. Mtu wa Bagamoyo anayechota karibu na Ruvu wakati wa masika anachota tope na maji baridi, si bahari. Subiri mvua zipite siku kadhaa. Yachuje kwa kitambaa safi, yaache kwenye pipa gizani siku chache yatulie. Chumvi ya bahari ni karibu gramu 35 kwa lita, na kipima chumvi cha kuelea kinatakiwa kisome kati ya 1.024 na 1.026. Kuna waliojaribu kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya jikoni au ile ya mashambani kwetu. Haifai. Wakati maji yanakauka kwenye shamba la chumvi, chokaa hutangulia kutuama na magnesi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Mnachovuna kinafaa mboga, hakimfai samaki.

Kosa ninalolikuta karibu kila tangi ni la kujazia. Maji yakipungua kwa joto, mtu anaongeza maji ya bahari. Lakini kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukijazia bahari juu ya bahari, baada ya mwezi una kachumbari. Chora alama kwenye kioo, na kila siku jazia hadi hapo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua safi au ya bomba yaliyoondolewa klorini. Maji ya bahari ni ya kubadilishia: toa sehemu moja ya kumi kila wiki, weka mengine yaliyo na joto na chumvi ileile.

Nije kwenye joto, maana hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinatupoteza. Vinakuambia ununue hita. Huku kwetu mwezi wa pili na wa tatu tangi lililo karibu na dirisha linapita nyuzi 30 bila msaada wa mtu. Ununue feni ndogo, uielekeze kwenye uso wa maji, uondoe kifuniko cha kioo uweke wavu. Inashusha nyuzi mbili hata tatu. Maji yatapungua haraka zaidi, ndiyo sababu nimesema alama ya kujazia. Na usitegemee umeme: weka pampu ndogo ya betri karibu, kwa sababu maji ya moto yana hewa kidogo, na umeme ukikatika saa nne usiku samaki hawana subira ya kukungoja asubuhi.

Wapo watakaosema haya yote ni ya matajiri, yanataka mitambo. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Indonesia, Lee Chin Eng, aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki wa mapambo la Marekani jinsi alivyokuwa akitunza matumbawe na samaki wa bahari akitumia mawe hai, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya pampu ya hewa tu. Alikuwa mtu wa nchi ya joto, bahari iko jirani, kama sisi. Uwezo wa kitaalamu tunao. Tunachopungukiwa ni kungoja.

Hata hivyo, matumbawe hai kwenye tangi la mapokezi mimi siyaungi mkono. Tumbawe gumu linajenga mifupa yake kwa kunyonya kalisi majini, nalo linataka karibu miligramu 400 hadi 450 kwa lita kila siku bila kuyumba, joto lisiloyumba, taa kali na vipimo vya mara kwa mara. Joto likizidi kawaida kwa digrii moja au mbili kwa wiki kadhaa, linapauka, na likiendelea linakufa. Kama bahari kubwa ilishindwa kuyalinda mwaka 1998, feni yako ya mezani itaweza? Tena matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo yule mgeni anayekuahidi kununua vipande akaondoke navyo nchini anakutafutia kesi. Mawe, samaki wachache, konokono wa kula mwani na kaa mdogo wa ganda vinatosha kumsimamisha mteja mlangoni.

Wachache maana yake wachache. Kwa lita mia moja naruhusu wawili au watatu wadogo, na kangaja usimweke kabisa, maana anakua na anataka nafasi ya kuogelea. Weka mmoja baada ya amonia na nitriti kusoma sifuri kwa wiki nzima. Vipimo vya matone vinapatikana kwenye maduka ya samaki wa mapambo mijini. Vile vya mabwawa ya kuogelea vinapima klorini, havitakusaidia. Ngoja wiki mbili tatu, pima tena, ndipo uongeze wa pili. Mlishe kidogo mara moja au mbili kwa siku, kile anachomaliza kwa dakika mbili. Akiumwa, usimimine dawa yenye shaba kwenye tangi kubwa: inaua konokono na kaa, na hujipenyeza kwenye mawe ikakaa humo. Mtenge kwenye ndoo yake.

Kabla ya kununua, mwangalie samaki akiwa kwa muuzaji angalau siku tatu. Anakula? Anapumua taratibu? Muulize kijana alimkamata vipi. Akiwa alitumia utupa au dawa nyingine yoyote, usinunue hata kwa bure. Samaki huyo anaweza kuogelea vizuri leo na kufa Alhamisi, na uvuvi wa sumu ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ulizia pia kibali kwenye ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla hujatuma mtu, na kama kijiji chako kimo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa mfano Mafia, uanzie ofisi ya hifadhi yenyewe.

Nanyi wauzaji, msinielewe vibaya, sitaki mkose riziki. Muuzaji anayemkaa na samaki wake wiki nzima, anamlisha, na anakataa kumuuzia mtu ambaye maji yake hayajapimwa, huyo anaweza kudai bei mara tatu na mimi nitamtetea. Mnunuzi wake atarudi kununua chakula, chumvi ya kipimo, pampu na vipuri kwa miaka. Yule wa bei ya soda anarudiwa na malalamiko tu. Mwenye tangi lililokufa sasa hivi anaweza kuja ofisini kwangu Jumanne au Ijumaa na chupa ya maji yake, nitampimia amonia na chumvi bure.