Chungu Kimoja kwa Mwenye Kisukari na Jamaa Zake

Kisukari ni ugonjwa wa mwili kushindwa kuitumia ipasavyo sukari iliyomo katika damu. Wanga unaoliwa, uwe wa ugali, wali, mkate au ndizi, humeng'enywa ukawa sukari, na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo itoke katika damu na kuingia katika seli. Katika kisukari cha aina ya kwanza, insulini haitoki au hutoka kidogo mno; katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, insulini hutoka lakini mwili hauitii sawasawa. Katika aina zote mbili, mpishi ana mambo mawili ya kuangalia: kiasi cha wanga kinacholiwa, na kasi ya sukari yake kuingia katika damu.

Kasi hiyo hutegemea sana yaliyoipata nafaka kabla haijafika chunguni. Punje ya mahindi ina ganda lenye nyuzinyuzi, kiini chenye mafuta na vitamini, na sehemu kubwa iliyojaa wanga. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, ganda na kiini huondoka yakawa pumba, na pumba hupelekwa kwa kuku na ng'ombe. Hivyo mifugo hula nyuzinyuzi na vitamini, na mwenye mifugo hubaki na wanga. Dona husagwa punje nzima, na nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya umeng'enyaji na kumshibisha mlaji mapema. Ndivyo ulivyo pia ulezi, mtama na uwele usiokobolewa. Dharau iliyozoeleka, kwamba dona ni chakula cha mabweni na sembe nyeupe ndiyo heshima ya mgeni, yafaa iachwe. Aliyekoboa mahindi yake amelipia kazi ya kupunguza chakula chake mwenyewe.

Hata hivyo dona si dawa. Wanga wake bado ni mwingi, na anayekula mlima wa ugali wa dona atapandisha sukari kama aliyekula sembe. Uji wa ulezi nao, ukisagwa laini sana na kutiwa sukari, hupita tumboni upesi. Kipimo chepesi ni sahani yenyewe: nusu yake iwe mboga za majani na mboga nyingine zisizo na wanga mwingi, robo iwe samaki, maharage, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, viazi au ndizi.

Vyakula vya jamii ya kunde vina daraja la pekee katika jiko hili. Maharage, choroko, dengu, mbaazi na kunde zenyewe zina protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na wanga wake humeng'enywa polepole. Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage ni mlo bora, maana punje hazikusagwa kabisa. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe. Yataiva mapema, yataokoa kuni, na gesi tumboni itapungua. Nazi na mafuta vitiwe kwa kiasi, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, na unene huzidi kuudhoofisha utii wa mwili kwa insulini.

Mchicha, matembele, mlenda na majani ya maboga havihitaji kupikwa hadi vikalegea na kupoteza rangi. Moto mfupi, kitunguu, nyanya na mafuta kidogo vyatosha. Kisamvu ni kinyume chake, kwani hakina budi kutwangwa na kuchemshwa vizuri ili sumu yake itoke. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu mara nyingi huandamana. Tunda liliwe zima wala lisikamuliwe: bilauri ya juisi yaweza kumaliza machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zake hutupwa.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, na kutia vijiko vitatu vya sukari katika kila kimoja, amekula takriban gramu 48. Shirika la Afya Duniani humshauri hata mtu mzima asiye na kisukari, anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asizidishe gramu 50. Kukimbilia asali hakuleti nafuu, kwa kuwa asali nayo ni sukari. Tangawizi, iliki na mdalasini huipa chai ladha pasipo madhara hayo.

Mabadiliko haya yana tahadhari zake. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyosukuma kongosho kuitoa, akipunguza wanga ghafla bila kumwona mganga, sukari yaweza kushuka kwa hatari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, maadamu anaweza kumeza. Mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri kabla ya kuzidisha maharage na mboga za majani. Dona isagwe kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya kiini huuchachisha unga mapema, tena itokane na mahindi makavu yasiyo na ukungu, maana sumukuvu hukaa zaidi katika ganda na kiini.

Imebaki kazi ya jamaa. Mgonjwa akipikiwa chungu chake pembeni, mpishi huchoka, gharama huongezeka, na mgonjwa hujiona ametengwa hadi akarudia mazoea ya zamani. Tena kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo, kwa hiyo watoto na ndugu wana sababu yao wenyewe ya kula vivyo hivyo. Dona, maharage na mchicha vipikwe kwa nyumba nzima, kila mtu apakue kwa kiasi chake. Na kopo la sukari liondoke mezani, likae kabatini kwa ajili ya dharura.