Bei Haina Miguu

Kibaha husemwa, Kisarawe husemwa: “Bei imepanda.” Kauli hii ni tamu kwa wakubwa, kwani humficha mtendaji. Bei haina miguu, hupandishwa.

Mwaka 2011 Serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Kosa lilikuwa la wachakachuaji. Adhabu ikashukia kibatari na jiko la mnyonge. Aliyeshindwa na mafuta hukimbilia mkaa, na mkaa una mizizi: msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe, umeliwa na matanuri miaka mingi.

Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Mchuuzi anayechelea kutaja bei mpya hupunguza fungu la muhogo. Andazi nalo husinyaa. Mnunuzi asiyemudu gunia hununua mkaa kwa kopo, na kilo yake humgharimu zaidi kuliko ya tajiri. Kisha wawili hawa huitana mwizi na bahili, ilhali wanatwangwa katika kinu kimoja.

Washairi wa pwani, mabingwa wa mizani, na waipime kauli hiyo. Asiyemtaja mpandishaji amemshikia ngazi.