Jenga mji kwenye simu, kisha nenda kikaoni

Ukiniambia michezo ya kujenga miji kwenye simu ni ya watu wasio na kazi, tutakosana. Tangu Will Wright atoe SimCity mwaka 1989, somo ni lile lile: ukipanga nyumba bila barabara na umeme, hakuna anayehamia. TheoTown nayo unachezeka hata bila data, na kama uko Lodwar unajua hiyo ni baraka gani.

Sasa inua macho. Kambi ya Kakuma ilianza 1992 kama pahali pa kujisitiri kwa muda tu. Leo ni mji, tena kando ya Tarach, mto mkavu unaofurika mvua ikinyesha. Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016, ilichorewa ramani na UN-Habitat. Mchezaji yeyote anajua: kurekebisha mji uliokwisha kujaa ni ghali kuliko kuupanga mapema.

Lakini kuna mahali mchezo unakudanganya, bana. Kwenye skrini ardhi ni tupu. Unabomoa mtaa kwa kidole na hakuna anayelia. Turkana ni tofauti: pale unapoona jangwa, kuna familia imelisha mbuzi vizazi na vizazi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitambua haki hiyo.

Kwa hivyo cheza, usione haya. Ila kaunti ikiita kikao cha wananchi kuhusu mipango ya mji, nenda. Maswali tayari unayo: maji yatapita wapi, na aliyekuwa hapa ataenda wapi?