Stika ya kioo haisimamishi gari

Nina dukuduku langu kuhusu magari ya abiria yanayotuhudumia sisi watu wa vijijini huku Songea.

Mwezi uliopita nilipanda Noah kutoka Mbinga kurudi Songea. Tulibanana kumi na wawili, wakiwamo wanafunzi wangu watatu waliotoka michezoni. Tukishuka mlima, harufu ya kuungua ikaingia ndani na gari likaanza kuvuta kushoto. Gurudumu la mbele lilikuwa linafuka moshi.

Fundi alipofungua alikuta kalipa imeganda. Pistoni ilikuwa na kutu, hairudi, na pedi zimebaki chuma kitupu. Dawa yake ikawa kuziba bomba la breki la gurudumu lile, kisha akamwambia dereva, "Nenda nalo hivyo hivyo." Mimi na wanafunzi wangu tulikataa kupanda. Wenzetu walipanda, wakituona waoga.

Wiki mbili baadaye niliikuta Noah ile ile stendi, imejaza abiria. Nilimwuliza dereva kama kalipa imebadilishwa. Akacheka, akasema tajiri hajatoa fedha.

Ndugu Mhariri, breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari. Upande mmoja ukizibwa, dereva akikanyaga kwa ghafla gari huvutwa upande wenye breki. Nao huo uliobaki huzidiwa na joto. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hunyonya maji, na yakipata joto kali mteremkoni huchemka, pedali ikazama bila kushika kitu. Mkoani Mbeya mwaka 2018 tulisikia vilio vya waliogongwa na lori lililofeli breki mlimani. Milima ya Umatengo nayo si ya mchezo.

Kwa hiyo nashauri hivi:

Kwanza, wenye magari wafungue magurudumu kila mara na kutazama. Pedi ikibaki milimita 3 itolewe. Pedi moja ikilika kuliko mwenzake, au mafuta yakivuja penye pistoni, kalipa ina kasoro. Pedi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja, na kalipa ikifunguliwa upepo utolewe kabla gari halijarudi barabarani.

Pili, mafundi waache kupaka grisi ya kawaida kwenye raba za breki. Raba huvimba na kuganda upya. Vijana wanaojifunza kazi chini ya miembe wasaidiwe kupata mafunzo ya VETA hapa hapa Songea.

Tatu, askari wetu wa usalama barabarani wasiishie kwenye stika na mtungi wa kuzimia moto. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa uwezo wa kulizuia gari bovu. Basi wautumie stendi, kabla ya safari, si baada ya ajali.

Najua spea ni ghali na barabara zetu zinachakaza magari. Lakini tajiri aliyekosa fedha ya kalipa angeliegesha gari lake mpaka aipate. Nauli tuliyolipa ilikuwa ya kutufikisha nyumbani.

Na sisi abiria tujifunze kushuka. Kama wote kumi na wawili tungeshuka siku ile, kalipa ingenunuliwa kesho yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea, Ruvuma.