Siku ya kukosa masomo inaandikwa wapi?



Juma lililopita mama mmoja wa kundi letu alitufikia na buletini mbili za binti yake mkononi. Binti amepata diploma, anataka kuingia chuo kikuu. Mama akauliza: « Mwalimu, kule watahesabu siku alizokosa masomo? »

Tulimjibu hivi: chuoni hawatafungua daftari ya kuitia majina. Lakini ndani ya dosie, pamoja na diploma, mara nyingi wanaomba buletini za miaka miwili ya mwisho, yaani mwaka wa 3 na wa 4 wa umanite (zamani tuliita wa 5 na wa 6). Na buletini haifichi kitu.

Tuhesabu pamoja. Somo likiwa na pointi 10 kwa kila periodi, mtihani wa semestre una pointi 20. Periodi mbili na mtihani: pointi 40. Mtoto akikosa intero zote za periodi moja, robo ya semestre imekwenda. Akikosa mtihani, nusu imekwenda, hata awe na akili namna gani. Na kule chini kuna mistari ya aplikasio na konduite. Mwenye kukosa kila siku ya soko anaonekana pale.

Sababu tunazijua. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari tunalipa, na mtoto anarudishwa nyumbani juu ya minervali. Kuna malaria. Kuna wandugu waliokimbia vita upande wa Beni, watoto wakapoteza miezi mizima. Lakini tuseme ukweli: maji yakikosekana ao mtoto mdogo akilia, anayebaki nyumbani ni msichana, kaka yake anaenda. Hapo ni sisi wenyewe tunaamua.

Basi tufanye hivi. Mtoto akigonjwa, tuandike barua siku ileile, tuambatanishe karatasi ya santre de sante, na tuombe titileri ampe intero nyingine. Feza zikikosekana, twende kwa prefe mbele ya watoto kufukuzwa, tuombe kulipa kidogo kidogo. Buletini zote zikae ndani ya sashe moja pamoja na karata ya uchaguzi, ili tukikimbia tukimbie nazo. Ikipotea moja, tuombe nyingine shuleni bila kungoja mwaka wa mwisho.

Yule mama tulisoma naye buletini. Semestre ya kwanza ya mwaka wa mwisho pointi zilikuwa zimeshuka sana. Alinyamaza, kisha akasema: « Ni miezi ile nilizaa. Yeye ndiye alibaki na mtoto. »

Ana binti mwingine, yuko mwaka wa kwanza wa umanite. Tangu Jumatatu hajakosa hata siku moja.