Hina Nyeusi Si Hina

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi hapa Maua, nikiwataka wanafunzi watunge visa vya kuithibitisha. Sikudhani hata siku moja kwamba kisa chenyewe kingekuja kuandikwa usoni mwangu.

Yalianza na mvi. Likizo iliyopita nilinunua sokoni pakiti ya unga ulioandikwa kuwa hina nyeusi ya asili, isiyo na kemikali. Pembeni palichorwa jani la kijani. Muuzaji alinihakikishia, "Mwalimu, haya ni majani matupu. Nusu saa tu, mvi zimekwisha." Nikamwamini. Usiku ule kichwa kikaanza kuwasha kama kilichomwagiwa upupu, na kulipopambazuka kope zilikuwa zimevimba hata jicho moja halikufunguka. Daktari aliyenitibu aliniuliza rangi ile ilichukua muda gani kukolea. Nilipomjibu kuwa nusu saa, alitikisa kichwa akasema hiyo haikuwa hina.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu mimi ni mwalimu, na nilidanganywa kwa jambo ambalo maarifa ya kidato cha pili yangetosha kulifichua.

Isitoshe, sisi wakazi wa Maua hatuna kisingizio cha kutoijua hina. Wafanyabiashara wa Kisomali wanaokuja kununua miraa ya Nyambene hupita mitaani mwetu, na baadhi ya wazee wao wana ndevu zilizoiva rangi ya chungwa. Anayetaka kujua kazi ya hina halisi na azitazame ndevu hizo. Hatauona weusi hata chembe.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Mhina ni mti mdogo unaostahimili nchi kavu, na majani yake hukaushwa na kusagwa. Ndani ya jani mna rangi iitwayo lawsoni, ambayo hushikamana na keratini, ile protini inayojenga nywele na kucha zetu. Unga hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu pamoja na ndimu au kitu kingine kichachu, ukaachwa kwa saa kadhaa ili rangi itoke, kisha ukapakwa na kusubiriwa tena kwa saa kadhaa. Kwenye mvi hutoa rangi ya chungwa au wekundu wa kutu. Peke yake haiwezi kutoa weusi, hata ukilala nayo usiku kucha.

Je, weusi wa mimea haupo? Upo, lakini una kazi. Mwenye kuutaka hupaka hina kwanza, akaosha, kisha akapaka unga wa majani ya mnili, mmea uliotia nguo rangi ya buluu kwa karne nyingi kabla ya viwanda. Buluu ikikutana na wekundu, nywele huelekea kwenye hudhurungi iliyokolea au weusi. Kazi hii huchukua nusu siku. Basi msomaji, ukiahidiwa weusi wa makaa kwa nusu saa, jua kwamba aghalabu si jani linalofanya kazi hiyo.

Kinachofanya kazi ni dawa ya viwandani iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Dawa hii imo katika rangi nyingi za nywele duniani, na wengi huitumia wasidhurike. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani, na hauruhusu ipakwe kwenye ngozi. Katika unga usio na maelezo, mnunuzi hawezi kujua kiasi kilichomo. Wenye mzio nayo huwashwa, huvimba na kutoka malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huendelea kuikataa maisha yote. Ikimezwa, hata kwa bahati mbaya, huweza kuvimbisha koo na kuharibu figo.

Jambo hili linawahusu wanafunzi kuliko wanavyodhani. Kule pwani mabibi arusi huchorwa maua kwa hina na kwa ile rangi nyeusi iitwayo piko, na siku hizi piko aghalabu ni unga huu huu wa kutia nywele weusi. Mtindo huo umepanda hadi bara. Msichana anayechorwa mkono wakati wa likizo huenda akarudi shuleni na kovu lenye umbo la ua.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha kemikali zote na kurudi kwenye vitu vya asili. Hoja hiyo ndiyo iliyonitia mtegoni. Lawsoni nayo ni kemikali, ila imetengenezwa na mti. Hina safi yenyewe ina wasiopaswa kuitumia: kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi za malaria kama zetu, imewahi kusababisha kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Asili si cheti cha usalama. La muhimu ni kujua kilichomo, kiasi chake, na anayepakwa ni nani.

Nionavyo mimi, mahali pa kuanzia ni darasani. Tayari tunawafunza wanafunzi kutwanga maua ili kupima asidi na besi. Mwalimu wa kemia na achukue manyoya meupe ya kondoo, ambayo pia ni keratini, ayaoshe kwa sabuni, kisha ayazamishe katika hina yenye ndimu na katika hina isiyo na ndimu. Wanafunzi wayatazame baada ya nusu saa, baada ya saa tatu, na kesho yake. Watakaoandika matokeo hayo kwa mkono wao hawatauziwa weusi wa nusu saa kwa jina la majani.

Na sote tushike kanuni mbili. Pakiti isiyotaja vilivyomo isinunuliwe, hata ikiwa na msitu mzima uliochorwa juu yake. Na rangi yoyote ya kichwani ijaribiwe kwanza kwa kufuata maelezo yake, kisha isubiriwe saa 48.

Mimi mvi zangu zimerudi, na sasa naziacha. Wanafunzi walipouliza kisa cha uvimbe wangu, niliwaandikia methali ile ubaoni, nikawapitishia ile pakiti ndani ya mfuko uliofungwa, nikawaambia watafute orodha ya vilivyomo. Hawakuiona.